Uzi: Lofoi kwa miguu, kupita chini na mto mpaka fasi (mahali) maji inaangukia

Mwana_Lubum (mwanzisha uzi)

Bonjour bandugu wote, wa hapa L'shi (Lubumbashi) na wa mbali.

Kila mwaka mvua ikikatika bantu banaanza kuulizia maporomoko ya Lofoi, na jibu ni lile lile: tafuta jipu (gari ya jeep), panda pa plato (uwanda wa juu), simama pa ukingo, piga foto, rudia. Muzuri, sikatae. Lakini mi naomba tuzungumuzie ile njia ingine, ya kutokea chini, kufuata mto mwenyewe mu bonde lake mpaka pa ukuta wa mwamba, kwenda na kurudi siku moja kwa miguu. Juu ukiwa kule pa plato unaona mto unafika pa ukingo na unapotea, basi. Ukitokea chini njo (ndipo) unaelewa mita 340 ni kitu gani.

Kwa wenye hawajue bado: Lofoi iko mu Pariki ya Kundelungu, huku kwetu Haut-Katanga. Pariki ilianzishwa 1970, na ICCN, shirika la serikali la kuchunga pariki, njo inaichunga. Mto unatembea juu ya plato, fasi zingine kule zinapita mita 1,600, kisha plato inakatika kama mkate uliokatwa na kisu na maji yote inaruka mara moja. Victoria ya Zambia na Zimbabwe ni mita 108. Kalambo, pa mpaka wa Zambia na Tanzania, inapita mita 220. Sisemi Lofoi iko na maji mingi kushinda Victoria, apana, ile ni Zambezi muzima, nasema urefu. Tuko na kitu cha namna hii mu jimbo letu na kuko bantu banazeeka Lubumbashi hawajakiona, banajua Cape Town mbele ya kujua Kundelungu, na hiyo inaniuma kweli.

Sasa njia yenyewe. Kwanza usidanganyike, kutoka mjini mpaka pariki haiko safari ya kufika na kutembea siku hiyo hiyo, barabara ni udongo, gari inapigwa sana, mutafika mumechoka. Lala pa kambi. Kesho yake, saa kumi na mbili ya asubuhi muko tayari na viatu mu miguu, na mulinzi wa pariki ao mutu wa kijiji mwenye anajua bonde njo anatangulia. Hii ya kutembea na mwenyeji siyo mapambo. Njia haina alama, kila mwaka mvua inahamisha mawe, na yeye njo anajua mto unavukiwa wapi mwaka huu.

Mwanzo ni nyasi. Mwezi wa tano nyasi iko bado ndefu kupita kichwa, umande unakulowesha mpaka kiunoni, na baridi ya asubuhi ya huku munaijua. Kisha unaingia mu miti ya kawaida ya kwetu, ile misitu ya miombo, kavu, mwangaza unapita. Halafu ukikaribia maji kila kitu kinabadilika: mushitu, ule msitu wa kando ya mto, giza, mizizi, kamba za miti, udongo mweusi wenye kunusa majani ya kuoza. Unasikia mto mbele ya kuuona. Na kutoka pale ni mto tu, mara upande huu mara upande ule, mawe inaanza kuwa makubwa, kwanza unayapita pembeni, kisha unayakanyaga, mwisho unapanda na mikono.

Neno langu kubwa kwa mwenye anataka kwenda: msimu. Nenda mwisho wa mvua, kati ya mwezi wa tano na mwezi wa saba. Mwezi wa pili mto umejaa, bonde haliingiliki. Mwezi wa kumi maji imekuwa kidogo, na maji kidogo ikianguka mita mia tatu upepo unaichukua, inafika chini imekuwa mvuke, kuna siku ni ukuta wenye kulowa tu. Mutu anarudia anasema Lofoi ni uongo. Hapana ndugu yangu, ulienda mwezi mubaya.

---

Yaya_wa_Katuba

Asante sana mwanzisha uzi, kitambo nilikuwa natafuta mutu wa kueleza hii bila kunionyesha foto za gari. Mie niko na maulizo. Moja, batoto. Niko na kijana wa miaka kumi na nne na mudogo wake wa tisa, wote banatembea muzuri. Mbili, viatu, maana kila mutu anasema lake. Tatu, chakula, juu (sababu) sipendi kubeba sufuria mu mukongo siku muzima.

---

Mwana_Lubum

Yaya, heshima kwako. Yule wa kumi na nne mulete, atafurahi maisha yake yote. Wa tisa mwache pa kambi na mutu mukubwa, ao mumufikishe mpaka mwanzo wa mawe makubwa murudie naye. Haiko juu ya miguu yake, ni juu ya urefu wake, fasi zenye sisi maji inafika pa magoti yeye inamufika pa kiuno na mto unamubeba.

Viatu: tenisi ya zamani yenye kushika mguu muzuri na yenye kutoa maji. Utaingia mu maji na viatu, usijaribu kuvivua kila mara, mawe ya chini haionekane na kidole kikipigwa safari imekwisha. Buti ya plastiki usibebe, inajaa maji inakuwa jiwe mu mguu. Malapa haishike. Soksi kavu mbili mu plastiki, hizo njo dhahabu jioni.

Chakula, bilunga (viazi vitamu) ya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, mikate. Hakuna kitu cha kuwasha moto. Bukari (ugali) mutakula usiku pa kambi, na niamini, bukari na samaki ya tomsoni kisha siku kama ile inakuwa chakula kingine kabisa. Maji ya kunywa ubebe lita mbili kila mutu, na vidonge vya kusafisha kama mutajaza mu mto.

Na jambo la mawe, hili nataka niandike kwa urefu kidogo juu njo linaangusha bantu. Kundelungu ni mawe ya mchanga, yamelala tabaka juu ya tabaka, na vipande vyenye kuanguka toka pa ukuta vinakuwa na uso bapa. Uso bapa unaonekana rafiki. Angalia rangi. Jiwe la kijivu ao jekundu lenye kukwaruza kiganja, kanyaga bila woga. Jiwe jeusi lenye kung'aa, lile liko na utelezi wa mto juu yake, hata likionekana kavu usiliamini, weka mukono kwanza. Mwenyeji wetu alikuwa anapita pembeni ya mawe meusi hata kama ni kuzunguka hatua kumi, mumoja wetu mwenye haraka akapita juu yake, na tulimuokota mu maji. Hakuumia, lakini telefone ilibaki Lofoi.

---

Likasi_jipu

Bandugu mimi nitasema tofauti na musikasirike. Nimepeleka bantu Kundelungu, familia, bazungu, ba kanisa. Juu pa plato unaona kila kitu, unakaa kwa heshima, unakula, hakuna mwenye anavunja mguu. Kule chini mutu akivunjika, ninyi muko na masaa ya kumubeba mpaka pa gari, kisha gari iko na barabara muzima mpaka hospitali. Rezo (mtandao wa simu) hakuna. Mwanzisha uzi unaandika muzuri sana lakini bantu banasoma na batafunga sakado (mfuko wa mgongoni) Jumamosi bila kuuliza mutu. Hilo linanipa wasiwasi.

---

Mwana_Lubum

Vié (mzee) umesema kweli na nashukuru umeisema hapa pa wazi. Rezo hakuna, gari ni mbali, ile ni kweli yote. Ndiyo maana naandika kwa urefu, juu kama hatuandike bantu bataenda tu, na bataenda bila kujua.

Basi tuongee hatari ya kweli, yenye mi naona ni kubwa kupita kuvunja mguu. Mvua ya juu. Wewe uko chini mu bonde, mbingu iko bluu, lakini plato ni pana, mvua inaweza kunyesha kule fasi hauione, na maji yote inashukia mu mlango mumoja. Mwezi wa tatu na wa nne hii njo inayoua bantu mu mito ya namna hii. Alama zake: maji yenye ilikuwa safi inaanza kuwa na rangi ya chai, majani na vijiti vinaanza kupita mingi, sauti inabadilika, na jiwe lenye ulikuwa unaliona limetoka nje sasa limefunikwa. Ukiona moja tu ya hizo usiulize mwenzako anaonaje, panda upande wenye njia ya kurudi iko, panda juu, kaa. Mto unajaa haraka na unapunguka pia. Mwenye kungoja masaa mawili pa juu anarudia kwake.

Kuvuka: chagua fasi pana, siyo fasi nyembamba. Bantu banapenda nyembamba juu ni karibu, lakini pale njo maji iko na nguvu na kina. Fimbo ndefu mu mikono, uso uangalie kule maji inatokea, tembea pembeni pembeni, mguu mumoja ukishika njo unainua mwingine. Kamba za sakado pa kiuno ufungue, ukianguka uweze kuitupa. Maji ikipita magoti na iko na kasi, rudia. Na mupange saa ya kugeuka mbele ya kutoka kambini, sisi tunasema saa saba ya mchana, hata kama ukuta unauona mbele yako. Mu korongo giza linafika mapema kupita kule nje, na mawe yale usiku na tochi ya telefone, apana.

---

Mdau_Kigoma

Wakuu salaam kutoka Kigoma. Nimesoma uzi wote, nilikuwa sijui kabisa kama Kongo kuna maporomoko yanayoizidi Kalambo kwa urefu, na Kalambo sisi tunaisifia kweli kweli. Swali langu: hayo maji mtu anaweza kuogelea? Maana na mamba na kichocho vinanitisha, huku kwetu watu wameugua sana kwa kuoga ziwani.

---

Nesi_Kampemba

Karibu ndugu wa Kigoma. Nijibu ile ya kichocho, juu njo kazi yangu. Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo, na wale banapenda maji yenye kutulia ao yenye kutembea polepole, yenye majani, fasi bantu banafulia na kuogea. Mu bonde la juu, maji ya baridi yenye kukimbia juu ya mawe, hatari ni kidogo, lakini siwezi kuandika hapa kwamba haiko kabisa. Kule chini tambarare ya mto Lufira, maji ya kulala, usiingie. Mwenye ameingia fasi ya wasiwasi, kisha wiki sita mpaka nane aende kupima mkojo na choo, na dawa iko, prazikwanteli, inatibu muzuri. Usingoje kukojoa damu.

Malaria musisahau. Kule juu kuna baridi usiku, bantu banafikiri hakuna mbu, lakini kambi za chini mbu iko. Musitikere (chandarua), na dawa ya kupaka.

Na baridi yenyewe! Mwezi wa sita hapa Lubumbashi asubuhi munajua ginsi inakuwaka, na hapa tuko mita kama 1,200 tu. Mutu amelowa toka asubuhi, anasimama karibu na maporomoko mu ule upepo wa maji, dakika kumi na tano anaanza kutetemeka, midomo inakuwa ya bluu, anaongea polepole. Muvueni nguo zenye kulowa, mumuvalishe kavu, mumupe kitu cha sukari, na aanze kutembea. Kila mutu abebe tiriko (sweta) moja kavu mu plastiki na asiivae mpaka wakati wa kurudia.

---

Mwana_Lubum

Asante sana Nesi, hii ilikuwa inakosekana. Ndugu wa Kigoma, mamba ni wa Lufira kule tambarare, kwenye mawe na maji ya kukimbia siyo makao yao, lakini muulize mwenyeji kila mara mbele ya kuingia fasi yenye kina. Kuogelea chini kabisa ya maporomoko, hapana, hata usifikiri. Siyo maji tu yenye inaanguka toka kule, mawe pia na matawi.

---

Mwalimu_Kenya (niko Kenya ya hapa Lubumbashi, siyo ya Nairobi)

Mwaniruhusu niongeze kitu cha historia, maana jina la mto huu liko mu vitabu mbele ya jina la mji wetu. Lubumbashi yenyewe ilianza 1910. Lakini 1891 Paul Le Marinel, aliyetumwa na serikali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alifika Bunkeya kwa Mwami Msiri, na kituo cha kwanza cha Wabeleji mu Katanga kikajengwa kando ya Lofoi, kule chini tambarare. Msiri hakukubali bendera. Tarehe 20 Desemba ya mwaka ule ule, msafara mwingine wa Leopold, wenye kuongozwa na Stairs, ulimuua Msiri pa kwake. Kwa hiyo maji yenye munayafuata kwenda kuangalia maporomoko, yakitoka pale yanapita mu ardhi yenye Garanganze, ufalme wa Msiri, iliangukia. Lofoi inaingia Lufira, Lufira inaingia Lualaba, na Lualaba njo Kongo. Wanafunzi wangu banajua Lualaba kwa ramani. Ningependa siku moja baone mto mumoja wenye kuujaza.

---

Yaya_wa_Katuba

Mwalimu umenifanya nisome mara mbili. Lakini mwanzisha uzi haujatuambia bado, mukifika pale chini kabisa kuko je?

---

Mwana_Lubum

Yaya, nilikuwa naogopa kuandika juu maneno itakuwa madogo, lakini najaribu.

Kwanza ni upepo. Haujaona kitu bado, uko kati ya mawe na miti, hakuna upepo fasi yoyote, halafu majani mbele yako inaanza kutetemeka yote pamoja, na hayaache. Ule ni upepo wa maporomoko, maji ikianguka inasukuma hewa mbele yake mu bonde. Mimea ya pale imezoea, vile vinyasi vidogo na majani ya unyevu vyenye kushika pa mawe vyote vinalala upande mumoja, vinachuruzika maji kutoka ncha, na mutu akisimama pale dakika moja nyusi zinaanza kuchuruzika pia.

Kisha unatoka nyuma ya jiwe la mwisho na ukuta uko mbele. Unainua macho, unafikiri umefika juu, hapana, bado, unainua tena. Na maji haianguke kama kamba moja. Pale juu inatoka nyeupe na nzima, halafu katikati ya hewa inagawanyika, inakuwa mafungu mafungu yenye mikia, kila fungu linashuka na mkia wake. Chagua moja ulifuate na macho toka juu mpaka chini. Utahesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, na bado linashuka. Sauti pia haiko moja, inakuja na kupunguka, juu mafungu hayagonge pamoja.

Tulikaa pale bila kuongea, siyo kwa sababu ya heshima tu, hakuna mwenye anasikia mwenzake. Mwenyeji wetu akatuonyesha na mukono fasi ya kukaa, mbali na ukuta, juu ya jiwe bapa lenye jua. Bantu wa plato banaona vizuri, vié wa Likasi siachane na wewe kwa hilo. Lakini hakuna mwenye atanitoa mu kichwa kwamba mto unafuatwa kwa miguu, ukiwa umelowa, umechoka, umevuka mara nyingi, njo unajua ni mto gani umekuya kuona.

---

Nesi_Kampemba

Mimi neno langu lingine ni moto. Kuanzia mwezi wa saba nyasi inakauka, mutu anatupa sigara ao anaacha makala (makaa) ya nyama ya kuchoma, na plato muzima inaungua. Moto wa mapema, mwezi wa tano ao wa sita, walinzi wenyewe banaweza kuupanga na unapita juu juu. Moto wa mwezi wa tisa unaua miti, na ule njo mwezi miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu, ile rangi yenye sijaona fasi ingine. Karibu na mji tumemaliza miti kwa makala, kila mutu anajua ginsi iko mbali kutoka Lubumbashi mpaka upate mti mukubwa. Kule bado iko. Na chupa za plastiki murudie nazo zote, mto haurudishe.

---

Likasi_jipu

Sawa mwanzisha uzi, umenigusa pale pa mafungu ya maji, mie kutoka juu sijawahi kuyaona vile. Sikubali bado familia kubwa zishuke, lakini kikundi kidogo chenye kupangwa naweza kukipeleka. Masharti yangu: mbele ya yote tunapita ICCN tunalipa ruhusa na tunauliza barabara na usalama wa eneo kwa wiki ile yenyewe, siyo habari za mwaka jana. Jipu mbili, siyo moja, moja ikifa ingine inavuta. Esansi (petroli) ya kwenda na kurudia tunabeba kutoka mjini. Kamba, sanduku ya dawa, na mutu mumoja anabaki kambini na anajua saa yetu ya kurudia. Na bantu sita tu ndani ya mto, na mlinzi.

---

Mwana_Lubum

Vié, masharti yote nayakubali moja kwa moja. Tupange karibu na tarehe 30 mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru, bantu banakuwa na nafasi kazini na mto uko vizuri. Mie niko na jipu moja, nafasi zimebaki mbili. Yaya, moja ni ya kijana wako kama unakubali, na Nesi tunakuomba ile ingine. Mwalimu, wewe panda na vié wa Likasi, atakuuliza ya Msiri njia muzima. Ndugu wa Kigoma, kama unaweza kufika L'shi mbele ya siku ile, andika hapa tukuwekee fasi mu gari ya pili.

---

Yaya_wa_Katuba

Kijana anakuya, na mie nakuya naye, nitakaa nyuma na mizigo. Bilunga naleta mie, ya kila mutu.